Uzito u wapi? Kwa wewe unayeanza Taijiquan hapa Mombasa

Mgeni akijiunga nasi asubuhi kule bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, swali lake la kwanza huwa lile lile: nitamaliza lini kujifunza? Mimi humwomba asimame wima, ainue mguu wa kushoto polepole kama anayevuka mtaro, kisha auweke chini bila kuutupa. Karibu wote huutupa. Mguu hushuka wenyewe, puu, kwa sababu mwili ulikwisha kuanguka mbele kabla unyayo haujagusa ardhi. Somo letu linaanzia hapo, na mimi mwenyewe bado nalisoma baada ya miaka zaidi ya 20.

Nilianza mwaka 2003, nikiwa na miaka 36. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini, kutwa kitini, jioni mgongo umekaza kama ubao. Mwalimu wangu alikuwa baharia mstaafu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyekaa Singapore miaka mingi na kujifunzia huko, alfajiri bustanini, pamoja na wazee wa Kichina. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akitupita katikati ya zoezi aliuliza tu, "Uzito u wapi?" Ukijibu "mguu wa kulia," alikwambia inua wa kushoto. Ukiyumba, ilikuwa wazi kwamba hukujua uzito wako ulipo. Miaka mitatu ya mwanzo nililichukia swali hilo. Leo ndilo ninalowauliza wengine, na karibu yote nitakayokwambia hapa yametoka humo.

Kwanza jua unachojifunza. Mjini tunasema "taichi", lakini jina kamili ni Taijiquan, na hilo "quan" la mwisho maana yake ni ngumi. Huu ni mchezo wa kupigana uliopunguzwa kasi ili mwili upate nafasi ya kujisikia. Asili yake inayojulikana zaidi ni kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, jimbo la Henan, katika ukoo wa Chen, karne ya 17. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alijifunza kwa ukoo huo kisha akaupeleka Beijing. Mjukuu wake Yang Chengfu, aliyefariki 1936, ndiye aliyeupa mwendo mpana na wa kasi moja ambao wengi wetu tunaufuata. Iko pia mitindo ya Wu na ya Sun. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitunga mfululizo mfupi wa vitendo 24, sehemu kubwa ikitokana na mtindo wa Yang, ili watu wa kawaida waweze kuufanya kila siku, na huo ndio tunaoanza nao. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza Taijiquan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Siku moja ukikutana na mtu wa mtindo wa Chen, akipiga mguu chini na kufyatua ngumi ghafla, usidhani amekosea. Ni ndugu yako wa nyumba kubwa.

Yang Chengfu aliacha kanuni 10, zilizoandikwa na mwanafunzi wake Chen Weiming. Kichwa kisimame kama kimevutwa na uzi utosini, kifua kisitunishwe, kiuno kilainike, mabega na viwiko vishuke, na nyingine. Zote utazisoma kwa wakati wake. Ninayokutaka uishike kwanza ni ile ya kutofautisha mguu uliojaa na mguu mtupu. Mwanzo na mwisho wa mfululizo miguu yote miwili hugawana mzigo sawasawa. Katikati, karibu kila wakati, mguu mmoja unabeba na mwingine uko huru. Mtu aliyegawa uzito nusu kwa nusu hawezi kupiga hatua mpaka kwanza ajing'oe, na katika kujing'oa huko ndiko mpinzani anakomkuta. Hata bila mpinzani, ndiko mtu mzima anakoangukia bafuni.

Shule nzuri ya jambo hili tunayo karibu, nayo ni feri ya Likoni. Mimi naishi ng'ambo, kwa hiyo navuka asubuhi na jioni. Mwalimu alinipa kazi ya kufanya humo: simama mbali na ukingo, usishike chuma, usimwegemee mtu, miguu iwe na upana wa mabega, magoti yalainike. Feri ikiwa imetulia huhisi kitu. Ikigeuka na kukutana na mkondo, uzito utataka kwenda upande mmoja. Usiuzuie kwa kukunja vidole wala kwa kupandisha mabega. Uache ushukie mguu mmoja, kisha urudi wenyewe. Mtihani uko mwisho, pale mlango unapokwaruza saruji ya gati na chombo kizima kikashtuka. Tazama watu wakati huo: waliokaza magoti hurushwa mbele, na akina mama wenye ndoo kichwani hawatikisiki. Wao hawajawahi kusikia neno Taijiquan, lakini kichwa kilichosimama na nyonga zinazocheza wamevipata kwa miaka ya kuteka maji. Mtu akiniuliza mtaalamu wa kanuni ya kwanza ya Yang Chengfu yuko wapi Mombasa, humwonyesha mama wa ndoo.

Miezi mitatu ya kwanza sitakufundisha mkono hata mmoja. Utatembea tu. Simama juu ya mguu wa kulia, mzigo wote uko hapo, na ujishushe kidogo kama anayetaka kukaa kwenye baraza kisha akaghairi. Mguu wa kushoto unatoka ukiwa mtupu, kisigino kinagusa chini kama unavyoonja maji ya moto kwa kidole. Sasa simama hapo. Je, unaweza kuurudisha mguu ule bila kuyumba? Ukiweza, ulikuwa mtupu kweli. Usipoweza, uliutwika mzigo mapema. Ukishafaulu ndipo unamimina uzito mbele, kidogo kidogo, kama muuza kahawa anavyomimina kutoka kwenye dele bila tone kumwagika, mpaka sehemu saba kati ya kumi ziwe mbele. Vuka uwanja hivyo, geuka, rudi. Vijana hulalamika kwamba hawakuja kujifunza kutembea, na nawaelewa, maana nilisema hayo hayo. Lakini niliowarusha hatua hii kwa kuwaonea huruma, wote niliwarudisha baadaye, na kurudi ni kuchungu zaidi kwa sababu mtu ameshajiona anajua.

Neno la pili utakalolisikia kila siku ni la Kichina, "song". Wengi wanalitafsiri "kulegea", na tafsiri hiyo imeharibu watu. Mtu akiambiwa alegee huporomoka: kifua kinazama, mgongo unapinda, magoti yanaingia ndani. Mimi hupenda kuwaeleza kwa unga wa chapati. Unga uliokandwa vizuri kisha ukafunikwa ukapumzika huwa laini, lakini ukiuvuta haukatiki. Unga uliotiwa maji mengi nao ni laini, ila hauna kazi. Tunautafuta ule wa kwanza. Utaupata kwa kusimama. Kila siku kabla ya hatua yoyote simama dakika tano, mikono mbele kama umekumbatia mtungi mkubwa, ukapekue mwili wako: taya limekaza? bega limepanda? tumbo umelivuta ndani? Achia kimoja kimoja, na kila unachokiachia juu utakisikia kinashukia mapajani. Mapaja yakianza kuwaka moto, uko njiani. Goti likiuma, acha hapo hapo. Usilivumilie goti hata siku moja, na sababu yake naijua kwa gharama.

Mwaka wangu wa pili nilipenda kwenda chini. Kuna kitendo kiitwacho nyoka anateremka, ambapo mtu hushuka juu ya mguu mmoja na mwingine ukanyooka ubavuni, kinavutia sana machoni. Nikaanza kufanya mfululizo mzima kwa chini vile. Sikujua kwamba kila nilipogeuka nilikuwa nazungusha mwili huku uzito wote ukiwa bado kwenye mguu unaogeuka. Soli ya mpira imeng'ang'ania sakafu, paja linazunguka, na goti liko katikati likikamuliwa kama nguo. Goti limeumbwa kukunja na kunyoosha, kuzunguka ni kazi ya nyonga. Likavimba, nikakaa nje miezi mitatu. Niliporudi mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza lile swali lake wakati nageuka, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba sikuwa na jibu. Basi wewe fanya hivi: kabla ya kugeuza wayo, rudisha uzito nyuma hadi mguu wa mbele uwe mwepesi, geuza vidole vyake, kisha rudi juu yake. Goti lielekee vidole vinapoelekea, lisivipite. Na simama juu kiasi kwamba ungeweza kuzungumza na jirani yako bila kuhema. Kina kitakuja chenyewe, au kisije, na hakuna hasara.

Kuhusu viatu, soli iwe tambarare na nyembamba. Malapa hayafai, yanaponyoka kwenye kisigino. Mchanga wa pwani unapendeza kwenye picha, lakini kwa anayeanza unaficha makosa, kwa sababu wayo unazama na hujui kama uliuweka au uliutupa. Tafuta saruji au nyasi fupi. Kabla Mama Ngina haijatengenezwa upya mwaka 2019 tulikuwa tukifanya pembeni mwa wauza mihogo, kwenye ardhi yenye mizizi na vijiwe, na ilitufundisha kuangalia tunapokanyaga. Saa za kufanya ni baada ya swala ya alfajiri hadi saa moja na nusu hivi. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jua likishapanda joto linakula nguvu bila faida. Kusi ikiingia na mvua za masika, fanya barazani au ukumbini kwako. Nafasi ya hatua tatu inatosha. Ramadhani punguza: kusimama kidogo na kutembea kidogo kabla ya futari, au mfululizo mmoja baada ya tarawehe. Dakika 20 kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili, kwa kuwa miguu inasahau haraka kuliko kichwa.

Akina mama wengi huja na buibui, na hapa naomba walimu wenzangu wanisikilize. Usimwambie mwanamke avae vingine ili umwone magoti. Mwambie ashike goti lake mwenyewe kwa mkono, juu ya nguo, ahisi linaelekea wapi, kisha wewe tazama kiatu. Kisigino kikinyanyuka au upande wa ndani wa wayo ukilala, goti limeingia ndani, hata kama hulioni. Mwanafunzi anayejipima kwa mkono wake hujifunza haraka kuliko yule anayengoja kusahihishwa. Siku hizi nawaambia wanaume pia wafanye hivyo.

Wengine huniuliza kama hii ni ibada ya watu wengine. Jina linatokana na fikra za Kichina kuhusu yin na yang, kujaa na kupungua, na hilo silifichi. Katika mazoezi yetu hatuombi chochote wala hatusujudu. Salamu ni ngumi na kiganja mbele ya kifua, na asiyeitaka husalimu kwa "asalaam aleikum" tukaendelea. Mwenye shaka amuulize shehe wake au padri wake kabla ya kuja, aje akiwa na moyo mtulivu. Ukifanya zoezi hili huku moyo una vita, mabega hayashuki.

Vitendo 24 utavijua kwa mpangilio ndani ya miezi sita hadi mwaka. Kuna kupasua manyoya ya farasi mwitu, korongo mweupe kukunjua mbawa, mikono ya mawingu, sindano chini ya bahari. Mfululizo mzima unachukua kama dakika tano tu. Hapo ndipo watu wengi hutupotea, na nasikitika kila mara. Mtu anasema nimemaliza, nipe wa vitendo 42, nipe wa upanga, nipe wa kipepeo cha mkononi. Mwingine hukusanya mifululizo kama mihuri ya posta. Mwaka wa pili ndio mwaka wa kazi yenyewe, wa kurudia kile kile na kukuta kwamba mkono ulifika kabla ya kiuno, kwamba macho yalitangulia, kwamba katika mikono ya mawingu uzito haukuwahi kufika mguu wa kulia hata mara moja. Kwa macho ya mpita njia hakuna kipya. Ukiuvuka mwaka huo, sina wasiwasi nawe tena.

Baada ya hapo tunaanza kusukumana mikono. Wawili wanasimama wakitazamana, vifundo vya mikono vimegusana, mmoja anasukuma polepole, mwingine anapokea, anageuza kiuno, anarudisha. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Lengo ni kusikiliza kwa ngozi: nguvu yake inatoka wapi, imefika wapi, itaishia wapi. Waliokulia kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, wanafahamu haraka, maana mwenye fimbo mzuri huisikia fimbo ya mwenzake inapogusa ya kwake na kujua pigo lijalo. Swali ni lile lile, ila sasa unaliuliza kuhusu watu wawili: uzito wangu u wapi, na wake u wapi?

Somo langu kubwa katika hili nililipewa na hamali. Alikuwa akisimama kututazama asubuhi na mkokoteni wake mtupu, siku moja nikamwalika. Nilikuwa na miaka sita ya mazoezi. Nikamsukuma, hakusogea. Akanisukuma yeye, nikarudi hatua mbili, na mikono yake wala haikukunjuka. Nilianza kwenda kuwatazama mahamali wanapotoka kwenye feri na kupandisha mlima na mikokoteni ya viazi na saruji. Mikono imetulia kwenye mti wa mkokoteni, viwiko vimeshuka, mgongo mrefu, na nguvu yote inatoka kwenye kisigino cha nyuma, inapita pajani na kiunoni. Anayesukuma kwa mabega hafiki juu. Kitendo chetu cha kusukuma nilikuwa nakifanya kwa mikono miaka sita yote ile. Kijana yule alikaa nasi karibu mwaka mmoja, na nadhani mimi ndiye niliyefaidika zaidi.

Watu huja pia kwa ajili ya presha, sukari, na wasiwasi wa kuanguka. Endelea na dawa zako na kliniki yako, hili ni nyongeza. Lakini nyongeza hii ina uzito wake. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, waliogawanywa makundi matatu: Taijiquan, mazoezi ya nguvu na mazoezi ya kunyoosha viungo. Walifanya mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, na kundi la Taijiquan ndilo lililopata uwezo bora wa kujimudu mwili unapoegemea upande. Mimi sioni ajabu. Watu hao walikuwa wakiulizwa kwa miguu yao, wiki baada ya wiki, uzito uko wapi.

Mwalimu wangu alipofika miaka sabini na kitu hakuwa tena anashuka chini. Alisimama juu kabisa, karibu kama mtu anayengoja matatu, na bado ukimsukuma ulikuwa unasukuma ukuta wa Ngome ya Yesu. Kisha akapata kiharusi, upande wa kushoto ukawa mzito. Nilikuwa nikimtembelea kwake Kibokoni baada ya kazi. Alikaa kwenye kiti cha mbao, miguu yote chini, na akahamisha uzito kutoka tako la kulia kwenda la kushoto, taratibu, dakika kumi, akapumzika, akarudia. Upande wa kushoto ulikuwa haumsikii vizuri, na aliupelekea mzigo kidogo kidogo kama anayemlisha mgonjwa. Nilimuuliza kama nimletee kijana wa kumkanda. Akasema baadaye, kwanza amalize zoezi. Nilikaa sakafuni mbele yake nikafanya naye.

Utaacha. Nasema hivi ili usione haya ukiacha. Kazi itakushika, mtoto ataugua, utahamia Changamwe na feri itakuwa mbali. Mimi niliacha miezi minane mwaka 2011. Siku ya kurudi usianze na mfululizo, maana utaukumbuka nusu na kujikasirikia, kisha hutakuja kesho yake. Anza na kusimama dakika tano. Kesho yake simama tena, na utembee uwanja mara mbili. Wiki ya pili ongeza mikono. Sisi tuko pale pale Mama Ngina, upande unaoona meli zikiingia Kilindini, kila Jumamosi na Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa ungana na mstari wa nyuma tu, huhitaji kueleza ulikuwa wapi.